Bustani ya nyumbani wakati wa kaskazi: kazi za kufanya kabla ya mvua ya mwaka

Mpwa wangu anayeishi Uingereza hunipigia simu kila Januari na kuniambia kuwa bustani yao imelala. Ardhi imekuwa ngumu kwa baridi, miti imepukutisha majani, na wenye nyumba wamejifungia ndani wakipanga watakachopanda baridi ikiisha. Kisha huniuliza, "Mjomba, nanyi huko mwapanda nini sasa?" Nami humjibu kuwa yetu pia imelala. Yao imelazwa na baridi, yetu imelazwa na jua.

Nimeulizwa mara nyingi na majirani hapa Takaungu ni kazi gani za kufanya shambani miezi hii ambayo upepo wa kaskazi unavuma, kisima kimeshuka na mchanga unaunguza nyayo. Wengi hukunja mikono wakingoja mvua. Mimi pia nilikuwa hivyo, kisha nikawa kinyume chake, na kule kwa pili ndiko kulikoniumiza zaidi. Kwa hivyo kabla ya kueleza kazi zenyewe, wacha nianze na kosa langu.

Kiwanja chetu ni futi 50 kwa 100, na nyumba imechukua karibu nusu. Pembeni mwa kisima palikuwa na mchungwa ambao mamangu aliupanda mwaka aliozaliwa dadangu, huyo mama yake mpwa wangu. Mwaka niliotia pampu ya umeme kisimani nilijiona nimemaliza shida ya kiangazi. Nikapanda tungule, biringani, matango na sukuma wiki katikati ya Januari, nikawa namwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni. Mamangu aliniambia mara moja tu: "Mwanangu, kaskazi huchagua. Usipochagua wewe, jua litakuchagulia." Sikumsikiza.

Wiki ya tatu ya Februari chai ilianza kuwa na ladha ya bahari. Wiki mbili baadaye ncha za majani ya mchungwa ziliungua zikawa kahawia, kisha majani yakaanza kuanguka. Mvua ya mwaka ilipokuja mti ulikuwa umekauka. Tungule nazo hazikuzaa kitu, maana maua yalipukutika kwa joto. Nilipoteza mti wa miaka mingi kwa ajili ya mboga ambazo ningenunua sokoni.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kazi kubwa ya kaskazi ni kuamua mapema nani atapewa maji na nani hatapewa, na kuutumia muda uliobaki kuitayarisha ardhi. Yafuatayo ndiyo ninayofanya.

Kaskazi ni miezi gani

Kwa sisi wa pwani upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi. Ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakingoja kusi ya Aprili ili yarudi. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote, na joto la mchana Mombasa hupita nyuzi 30. Mvua ya mwaka huanza mwisho wa Machi au Aprili, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi. Ukianza leo mapema Januari, una wiki kama 12 za matayarisho. Huo si muda mrefu kwa mtu anayefanya kazi nyingine na kuingia bustanini jioni tu.

Hesabu ya maji

Anza kwa kujua kisima chako kinatoa nini. Katika maeneo yetu ya mwamba wa matumbawe na mchanga, maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo huelea juu yake chini ya ardhi. Ukiteka kidogo kidogo, maji matamu hupata nafasi ya kurudi. Ukivuta kwa pampu muda mrefu, ya chumvi hupanda kujaza nafasi, na yakishapanda hayashuki upesi. Onja maji kila Ijumaa. Ladha ikianza kubadilika, punguza kuteka siku hiyo hiyo, usingoje majani yaungue.

Kwangu, baada ya matumizi ya nyumba, bustani hubakiwa na ndoo 3 za lita 20 kwa siku, yaani ndoo 21 kwa wiki. Nimezigawa hivi:

Miche 4 ya miti iliyopandwa mwaka huu na mwaka jana hupata ndoo 1 kila mmoja, mara 2 kwa wiki. Hizo ni ndoo 8.

Mndimu na mkomamanga, ambayo ina matunda, hupata ndoo 3 kila mmoja, mara 1 kwa wiki. Hizo ni ndoo 6.

Kitanda kimoja cha mboga, mita 1 kwa mita 3, hupata ndoo 1 kila siku. Hizo ni ndoo 7.

Hesabu imekwisha. Mwembe mkubwa, mkwaju na minazi haipati kitu kutoka kisimani, maana mizizi yake imekwenda mbali na imezoea. Vitanda vingine vyote vinapumzika. Hapo ndipo kuchagua kulipo, na ni vigumu, kwa sababu mkono unawasha kupanda.

Migomba ina maji yake mengine. Maji ya udhu, maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga, yote huenda huko kwa ndoo au kwa kijifereji. Maji ya samaki pia yanafaa ikiwa hayakutiwa chumvi. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga nyingi au dawa ya kung'arisha nguo usiyatie, maana huharibu udongo. Maji ya suuza ya mwisho yanaweza kwenda kwenye migomba, lakini si kwenye mboga za majani.

Mwagilia baada ya alfajiri au baada ya alasiri. Chimba beseni la duara chini ya ukingo wa matawi, si kwenye shina, kwa sababu mizizi inayonywa iko huko nje. Afadhali maji mengi mara chache kuliko kikombe kila siku. Maji machache hulowesha juu tu, na mizizi huyafuata juu ikaungua.

Kama nyumbani kuna mtungi wa udongo wa zamani uliostaafu baada ya friji kuja, ufukie mpaka shingoni katikati ya miche miwili, ujaze maji na uufunike. Maji huvuja polepole kupitia udongo wa mtungi na mizizi huyafuata. Mimi hujaza kila baada ya siku 2 au 3.

Baada ya kumwagilia, funika. Matandazo ya majani makavu ya mwembe, makuti yaliyozeeka au nyasi, unene wa sentimita 10, yanazuia jua kunyonya maji uliyoyateka kwa jasho. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya matandazo na shina, kwa sababu mchwa wakiwa na njaa ya kiangazi huanza na matandazo na kuishia kwenye gome. Makumbi ya nazi yakifukiwa kuuzunguka mti, upande wa ndani ukiangalia juu, hushika maji kama sponji.

Ikiwa kisima chako tayari kina chumvi kidogo, panga kwa mujibu wake. Maharagwe, karoti na vitunguu huvumilia chumvi kidogo sana, na miti ya jamii ya machungwa, miembe na miparachichi pia huumia. Minazi huistahimili vizuri, na spinachi hustahimili kuliko mboga nyingi.

Kazi za mitini

Maembe ya msimu mkubwa hapa pwani huvunwa Disemba mpaka Februari au Machi. Tunda la mwisho likishuka, ndipo wakati wa kupogoa. Toa matawi makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana, na fungua katikati ya mti kidogo ili upepo upite. Usikate sana Januari wakati jua ni kali, maana gome lililokuwa kivulini likifunuliwa ghafla huungua na kupasuka. Nikikata tawi kubwa mimi hupaka chokaa iliyochanganywa na maji kwenye shina lililobaki wazi. Usingoje mpaka Juni au Julai kupogoa mwembe, kwa kuwa utakata matawi yanayojitayarisha kutoa maua.

Mndimu na mchungwa hazihitaji kukatwa sana. Ondoa vijiti vikavu na yale machipukizi marefu yanayonyooka kutoka chini ya mahali palipobandikwa, ambayo hunyonya nguvu za mti na kuzaa miiba.

Mgomba uachie watatu tu katika shina moja: mama mwenye mkungu, binti anayefuata, na mjukuu mdogo. Waliobaki wakate, na majani yao yafanye matandazo pale pale. Mama mwenye mkungu mzito mtegemeze kwa mwango, maana upepo wa mchana una nguvu.

Kazi ambayo watu huidharau ni kuokota matunda yaliyoanguka. Kuna nzi wa matunda aliyetoka Asia ambaye aligunduliwa hapa Kenya mwaka 2003. Hutaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini, na funza hukua ndani yake. Mwaka 2014 nchi yetu yenyewe ilisimamisha kuuza maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi huyu. Embe lenye funza likiachwa chini, funza hutoka, hujifukia mchangani na kurudi akiwa nzi. Okota kila siku 2, uyafukie kina cha sentimita 60. Usiyatupe kwenye lundo la mboji. Kisha fungulia kuku chini ya mti wachakure. Kuku wanne wa kienyeji wamenisaidia kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Jua lifanye kazi yako

Vitanda vilivyopumzika havijakaa bure. Ng'oa masalio ya bamia, tungule na biringani pamoja na mizizi, kisha utazame mizizi yenyewe. Ikiwa na vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi, hiyo ni kazi ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo inapenda sana udongo wetu wa mchanga. Mizizi hiyo ichome. Usichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo hubandika nje ya mzizi na hutoka ukivisugua kwa kidole. Hivyo ni vizuri, vinalisha ardhi.

Kitanda chenye minyoo kilime kwa jembe kina cha sentimita 20, ukiache wazi kwa jua wiki 2 au 3, kisha ukigeuze tena. Ukavu na joto la Februari huwaua wengi wao. Hii ndiyo faida ya kaskazi ambayo huwezi kuipata mwezi mwingine wowote, na haina gharama isipokuwa jasho.

Mboji ianze Januari ili iwe tayari mwisho wa Machi. Iweke kivulini, tabaka la majani makavu, tabaka la maganda ya jikoni na majani mabichi, tabaka jembamba la samadi, kisha uilowesha kwa maji ya kuoshea. Ishike mkononi: ikikusanyika kama kitambaa kilichokamuliwa ina maji ya kutosha. Igeuze kila wiki 2. Ukikuta ndani yake mabuu makubwa meupe yaliyojikunja, huyo ni yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, ambaye huzaliana kwenye samadi na magogo yaliyooza. Wape kuku. Gogo la mnazi linalooza uwanjani ulipasue uchome, usiwafugie wadudu.

Samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi usiitie kwenye miche, huiunguza. Ukiipata Januari, ikae chini ya makuti mpaka Machi.

Wenye viwanja vya mwamba wa matumbawe mtaona majani machanga ya mndimu au mpapai yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mara nyingi si kiu. Udongo wenye chokaa nyingi huzuia mti kuchukua madini ya chuma. Maji zaidi hayasaidii. Mboji nyingi husaidia, na mboga ziinuliwe kwenye vitanda vilivyojazwa udongo mzuri kutoka kwingine.

Mashimo ya miti mipya

Mti wa kupandwa Aprili shimo lake huchimbwa Februari. Upana wa sentimita 60, urefu 60 na kina 60 unatosha kwa miti mingi. Pale penye jiwe utahitaji mtaimbo na subira. Udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine. Acha shimo lipigwe na jua wiki 2, kisha lirudishie ule udongo wa juu uliochanganywa na debe 1 au 2 za samadi iliyoiva. Weka kijiti katikati upajue.

Kabla ya kuchimba, pima nafasi. Mwembe wa kubandikwa unataka mita 8 mpaka 10 kutoka mti mwingine mkubwa, mnazi mita 8 au 9, mndimu mita 4 au 5, mgomba mita 3, na mpapai mita 2 na nusu. Usipande mwembe karibu na tangi la choo wala msingi wa nyumba. Kiwanja kama changu hakiwezi kuwa na miembe miwili, hata moyo ukitaka vipi. Miche ya kubandikwa ichukue kwenye kitalu kinachojulikana, na ukiwa na shaka ulizia kituo cha KALRO kilichoko Mtwapa au afisa wa kilimo wa wadi yako.

Usipande siku ya mvua ya kwanza. Mara nyingi huwa ni ya kudanganya, hunyesha usiku mmoja kisha jua likarudi wiki nzima. Ngoja mvua nzuri 2 au 3, halafu chimba kwa jembe: udongo ukiwa na unyevu mpaka sentimita 30, panda.

Mbegu na kitalu

Jua la kaskazi ni zuri kwa kukausha mbegu. Mchicha uliopandisha mashuke ukate, uanike juu ya mkeka, uusugue na kuupepeta kwa ungo. Bamia ziache mtini mpaka maganda yakauke na kupasuka. Mnavu matunda yake meusi uyaponde ndani ya maji, mbegu nzima huzama. Kunde zichanganye na jivu la kuni lililopoa ili fukusi wasizile. Weka kila mbegu kwenye chupa kavu yenye kifuniko, andika jina na mwezi, uiweke gizani. Mbegu za tungule za kununua, za chotara, usizihifadhi. Watoto hawatafanana na mzazi.

Mbegu za mwaka jana zijaribu kabla ya kuzitegemea. Funga mbegu 10 katika kitambaa kibichi. Zikiota 7 au zaidi, panda. Zikiota 4, panda maradufu au tafuta nyingine.

Kitalu kiwe chini ya kivuli cha makuti, mbali na kuku. Pilipili huchukua wiki 6 mpaka 8 kabla ya kuhamishwa, kwa hivyo zisie katikati ya Februari. Biringani huchukua wiki 5 au 6, zisie mwisho wa Februari. Tungule usiziharakishe. Mvua nzito za Aprili na Mei huleta maradhi ya majani na kuzioza. Mimi huzisia mwisho wa Aprili chini ya paa na kuzihamisha Juni, wakati wa kipupwe, hali ya hewa ikiwa imepoa. Tangu nianze kufanya hivyo tumekula tungule zetu mpaka Septemba.

Paa na tangi

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mabati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 kwa usiku mmoja, hiyo ni lita 1,000, ingawa kwa kumwagika na kurukia nje utapata kama lita 800. Hizo ni ndoo 40, karibu wiki 2 za bustani yangu.

Kwa hivyo mwezi wa Machi panda juu ya paa, fagia majani, safisha mifereji, ziba matundu. Osha tangi na utazame bomba. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, ya pili ndiyo uikinge. Funika tangi kwa wavu mwembamba, maana mbu anayeleta dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia. Ukiweza kununua tangi la pili, hakuna kitu kitakachokisaidia kisima chako zaidi ya hicho.

Mpango kwenye karatasi

Jioni moja kaa barazani na karatasi na penseli. Chora kiwanja: nyumba, kisima, choo, miti, njia. Tia alama pale penye jua mpaka alasiri na penye kivuli. Kumbuka kuwa upepo wa kusi utakuja kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili, na kwa walio karibu na bahari hubeba chumvi. Mimea laini iwe nyuma ya ukuta au ya ua wa miti, na mipapai isiwe mahali pa wazi.

Kwenye kila kitanda andika kilichopandwa mara ya mwisho. Tungule, biringani, pilipili na mnavu ni jamii moja, zisifuatane mahali pamoja. Zifuatie kwa kunde, mchicha au mboga ya boga.

Kisha panga kwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya kula. Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, wakati bustani ni kavu na kila nyumba inataka muhogo, viazi vitamu, ndizi na ndimu za futari. Muhogo huchukua miezi 9 mpaka 12: wa futari ya mwakani upande mwezi wa Aprili. Viazi vitamu huchukua miezi 4 au 5: vya mwakani vipande na mvua ya vuli, Oktoba. Ukianza kufikiria muhogo mwezi wa Shaabani, utaufikiria kwa bei ya sokoni. Na wakati wa saumu usijichoshe kwa jembe la mchana. Nusu saa baada ya alfajiri na nusu saa kabla ya magharibi zinatosha ukifanya kila siku.

Ratiba kwa ufupi

Januari: onja na pima maji, gawa ndoo, tandaza chini ya miti, anza mboji, okota maembe, ng'oa vitanda vilivyokwisha.

Februari: lima vitanda na uviache kwa jua, chimba mashimo, kausha na jaribu mbegu, sia pilipili kisha biringani, punguza migomba.

Machi: pogoa miembe iliyokwisha kuvunwa, rudishia mashimo kwa samadi, tengeneza matuta, safisha paa na tangi, noa majembe na kutia mipini mipya.

Aprili: ngoja mvua zishike, kisha panda miti, muhogo, kunde, bamia na maboga, uhamishe pilipili na biringani. Mwisho wa mwezi sia tungule.

Kisima chetu kilichukua misimu miwili ya mvua kurudi katika ladha yake. Pampu bado ipo, lakini huvuta dakika chache tu kujaza tangi la nyumba. Maji ya bustani nateka kwa ndoo, kwa sababu mkono ukichoka huacha, pampu haichoki.

Mahali pa ule mchungwa nilichimba shimo Februari iliyofuata, na Aprili mamangu akaja na mkongojo wake akaushika mche wakati mimi narudishia udongo. Sasa una miaka mitatu na haujazaa bado. Kila jioni ya kaskazi mamangu huketi barazani na kuniuliza nimempa nani maji leo, nami humtajia mmoja mmoja. Mpwa wangu naye, kila anapopiga simu akiwa katika baridi yake, huuliza mchungwa wa bibi umefika wapi. Mwezi uliopita niliuhesabia maua matano. Nimewaambia wote wasitarajie mengi mwaka huu.